Sauti Iliyosikika Kilema

Jovin alikuwa na desturi moja iliyomfanya Kindness amsamehe mengi. Kila alipomsindikiza kwenye tiba, alikaa kwenye benchi la nje akiwa ameupakata mkoba wake kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Kindness akitoka, kabla ya kuuliza lolote, Jovin alimgusa kwa vidole viwili juu ya paji la uso, upande wa kushoto, pale mashine ilipokuwa imegonga.

"Pana joto, Kindi," alisema kila mara.

Hapakuwa na joto lolote. Lakini macho yake yalipomtazama hivyo, kwa upole ule wa mtu anayeogopa kuuliza, Kindness alimwambia ndiyo, pana joto.

Walikuwa wameshakwenda mara kumi na tano, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tatu, kwenye kliniki ndogo ya binafsi mjini Moshi. Ugonjwa wenyewe Daktari Elifuraha aliuita bodalaini, kisha akaona neno hilo halijawaambia kitu, akaueleza kwa maneno ya kawaida. Ni tatizo la haiba, alisema. Hisia za mtu zinakuwa kama hazina ngozi. Kinachomgusa mwenzako, wewe kinakuchoma. Mtu akichelewa kupokea simu, kwako ameshakuacha. Unayempenda, asubuhi ni malaika na jioni ni shetani, na katikati hapana mtu. Tiba kubwa ni mazungumzo, na hayo Kindness alikuwa ameyaanza tangu mwaka uliopita. Hii ya sumaku ilikuwa bado ni ya utafiti. Kwingine imejaribiwa kwa watu wachache, baadhi wakapata nafuu, wengine wasipate. Daktari hakumwahidi kitu, na kwa sababu hiyohiyo Kindness alimwamini.

Haikuwa na kisu wala dawa ya usingizi. Alikaa kwenye kiti cha kulalia, akavishwa kofia ya kitambaa, nesi akasogeza koili, ule mviringo wa waya wa sumaku, karibu na kichwa, nayo ikagonga ta-ta-ta-ta kama kigogota kwenye mti wa mgrevilea. Akitoka hapo alikwenda kazini kwake, kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa, ambako alikuwa mwonjaji. Kazi yake ilikuwa kuvuta kahawa kwa kijiko, kuizungusha mdomoni, kuitema, na kuandika kama ina kasoro. Wiki ya tatu msimamizi wake aliirudisha ripoti yake mbele za watu. Zamani angeacha kazi palepale, kisha alale chini chooni akilia mpaka jioni. Safari hii hasira ilikuja kama kawaida, lakini kati ya hasira na mkono palikuwa na upenyo, mwembamba kama wa mlango uliosahauliwa kufungwa. Alivuta pumzi ndani ya upenyo ule. Aliporudi nyumbani alimsimulia Jovin, na Jovin akambusu kiganja.

Kwa hiyo Jumamosi ya wiki hiyo, walipopanda kwenda Kilema kwa mama yake Jovin, Kindness alikuwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani. Vikwazo vya mwanzo vya ndoa yao vilikuwa vimeshamalizwa. Yeye alikuwa Mlutheri wa Masama, Jovin Mkatoliki, na Mama Jovin alikuwa amesema mkwe wake atafungia ndoa misheni au hatamtambua. Kindness alikubali kuhudhuria mafundisho. Mama yake mwenyewe, Elisifa, alinuna miezi miwili, kisha akanyamaza.

Kilema Kindness alipokelewa vizuri mno. Alimwamkia Mama Jovin shikamoo, akakumbatiwa. Shangazi Yuditha alimvutia kiti chenye mto wa foronya mpya. Gladys, dada yake Jovin aliyekuwa na saluni Himo, alimsifia nywele. Wakamwekea mtori wenye nyama ya mbavu, na kila alipoinua kijiko walinyamaza kidogo. Ilimchukua muda kuelewa wanavyomtazama. Walimtazama kama watu wanavyoitazama sufuria ya maziwa iliyo motoni, wakingoja ifurike.

Baada ya kula, Jovin alikwenda kihambani kuangalia migomba iliyoangushwa na upepo. Kindness naye akatoka kwenda kunawa mikono kwenye bomba la nyuma, karibu na jiko la kuni. Maji yalikuwa yanatoka taratibu. Hapo ndipo aliposikia mtu analia.

Kwanza alidhani ni mtoto anachapwa kwa jirani. Kisha kilio kikawa na maneno.

"Nitalala mlangoni kama mbwa, Jovin. Niite mbwa. Nitakula utakachonitupia. Usiende tu."

Kicheko kilifuata, cha mtu aliyeziba mdomo. Sauti ya Shangazi Yuditha ikasema arudishe hapo, hakusikia vizuri. Simu ikarudishwa nyuma. Mbwa akalia tena.

Ilikuwa sauti yake. Kindness aliutambua usiku ule wa Februari, Jovin alipomwambia anakwenda Tarakea siku tatu kuchukua bidhaa za duka. Alikumbuka alivyoanguka sakafuni na kumshika miguu. Alikuwa ameuzika usiku ule ndani kabisa, akamweleza daktari peke yake. Sasa ulikuwa jikoni kwa watu, umechimbuliwa, na ulikuwa unanuka.

Kinyaa kilimshika, na kwanza kilikuwa juu yake mwenyewe. Sauti ile ilikuwa na kamasi ndani yake, ilikuwa na mate. Alijisikia kama mtu aliyeamka akakuta nguo zake za ndani zimeanikwa barabarani. Maji ya bomba yalikuwa yanampitia mikononi, naye alitaka kuendelea kunawa mpaka ngozi itoke.

Akalifunga lile bomba, akaingia jikoni.

Gladys alikuwa na simu, video ikiendelea kwenye kioo. Hakuizima mara moja. Kidole chake kilitafuta pa kubonyeza huku mdomo ukiwa bado na mkunjo wa kucheka. Shangazi alijifanya anachochea moto. Mama Jovin peke yake ndiye aliyemtazama usoni, na hakuwa na aibu.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Si jambo la kugombana. Jovin ametueleza unaumwa. Sisi tunataka tu kujua tunachokipokea. Hata ng'ombe akiletwa mtu humtazama meno."

Kindness aliuliza nani aliwapa ile video. Mama Jovin alisema Jovin mwenyewe, tangu Pasaka, kwa sababu asingeweza kuubeba mzigo ule peke yake. Kisha akasogea, akamshika Kindness mkono uliolowa, na kwa sauti ya chini, ya mtu anayeulizia bei ya kitu asichotaka wengine wajue anakitaka, akauliza kama ugonjwa huo unaingia kwenye damu. Wajukuu, yaani. Na akauliza kama tiba ya sumaku ikiisha daktari atatoa karatasi ya kuonyesha amepona, ili waipeleke kwa wazee wa ukoo kabla ya mahari.

Mkono wa Mama Jovin ulikuwa na mafuta ya nyama. Kindness aliyahisi mafuta yale kwenye vidole vyake, yakiwa ya uvuguvugu. Alitoka mbio, akafika kwenye shina la mgomba la kwanza, akautapika mtori wote.

Nyuma yake alisikia Gladys akimnong'oneza shangazi kwamba hiyo ni mimba.

Jovin alimkuta ameegemea mgomba. Alimpangusa mdomo kwa leso yake, akamuuliza amekula nini, macho yake yaleyale ya upole yakimpekua uso. Kindness alimwuliza kuhusu video. Upole ule haukuondoka machoni, na hilo ndilo lililomtisha. Jovin alisema alirekodi ili daktari aone.

"Daktari aliiona?"

Jovin alitazama migomba. "Hapana. Sikupata nafasi."

"Mama yako alipata nafasi."

"Kindi, punguza sauti."

Sauti yake haikuwa juu. Kindness aliisikia mwenyewe, ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuliza saa.

"Unaona?" Jovin alisema, akamshika mabega. "Umeanza. Tulikuwa tumefika vizuri, sasa umeanza. Nilishamwuliza daktari kama wanaweza kuongeza nguvu ya ile mashine, au kuongeza siku, mpaka utulie kabisa. Nataka uwe mpole tu. Kama jina lako."

Wimbi la zamani lilikuja. Lilianzia tumboni likapanda kifuani, na Kindness alijua lilikotaka kwenda: kucha usoni mwa Jovin, sahani za Mama Jovin ukutani, kisha yeye mwenyewe chini, akiomba radhi. Alijua pia kwamba dirishani jikoni walikuwa wanangoja. Ndani ya upenyo ule mwembamba alisimama, akahesabu pumzi kama alivyofundishwa. Mikono haikuinuka. Alichukua leso ya Jovin, akaikunja, akamrudishia mfukoni mwa shati. Kisha akaenda kumuaga Mama Jovin, maana alilelewa hivyo, akashuka mpaka barabarani, akapata bodaboda.

Hakurudi chumbani kwake mjini. Alikwenda Masama kwa mama yake.

Elisifa alikuwa anakamua. Alimsikiliza binti yake bila kuacha kazi, na maziwa yakaendelea kugonga ndoo. Aliposikia neno la ng'ombe na meno, alisema hao wa Kilema yeye aliwajua zamani. Akasema hata hiyo mitambo ya kichwani hakuipenda, alitaka waende kwenye maombi. Akasema Mungu huwa anaonyesha. Kindness alimtazama, na kwenye uso wa mama yake aliyempenda aliona kitu kinachong'aa ambacho hakikuwa huzuni. Mama alikuwa amefurahi. Kwa sekunde chache kinyaa cha Kilema kikahamia palepale zizini, juu ya mikono ile iliyomlea, juu ya harufu ya samadi na maziwa ya moto. Aliondoka akaenda kulala bila kula.

Lakini alfajiri Elisifa aliingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamfunika miguu. Hakusema kitu kuhusu Kilema. Alisema tu kwamba jana aliongea vibaya. Kindness aliushika mkono wake, na wakakaa hivyo mpaka kengele ya kwanza ya kanisa ikalia.

Jumapili nzima alijihoji. Swali lilikuwa moja, nalo lilimtesa kuliko ile video. Je, kinyaa hiki ni chake, au ni cha ugonjwa? Mara ngapi maishani alishawahi kuamka akimchukia mtu aliyemwabudu jana? Mara ngapi alishamwambia Jovin kwamba ni nyoka, kisha kesho yake akamtafuta kwa machozi? Daktari Elifuraha alimfundisha asikate neno lolote siku hisia inapowaka. Aisubirie. Kama ni moshi utapeperuka. Kama ni jiwe, utalikuta palepale.

Basi akasubiri. Jovin alipiga simu mara tisa, akaandika kwamba anampenda, kwamba mama yake ni mtu wa zamani, kwamba Gladys ni mjinga. Kindness aliyasoma yote. Na yote aliyosoma aliyaamini, maana Jovin hakuwa mwongo kwa mapenzi yake. Alikumbuka benchi la kliniki. Alikumbuka mwezi wa tano alipougua malaria na Jovin akamwosha nywele kwa maji ya vuguvugu, taratibu, akiimba kwa kukosea. Mapenzi yalikuwepo, hayakuwa yamekwenda popote.

Ndipo Jumapili jioni, akiwa anapepeta maharage barazani, video ikajirudia kichwani mwake bila kuitwa, naye akasikia kitu ambacho jikoni kule kicheko kilikifunika. Baada ya maneno ya mbwa, palikuwa na sauti nyingine ndani ya video. Ilikuwa ya Jovin, karibu kabisa na simu, tulivu.

"Sema tena," sauti ile ilisema. "Sikusikia."

Na yeye, pale sakafuni, akasema tena.

Ungo ulibaki mikononi. Hakutapika mara hii. Kinyaa kilikuja baridi na kikavu, kikakaa kifuani kama mtu aliyefika kwake, wala hakikuwa juu ya sauti yake tena.

Jumatatu alikwenda kliniki peke yake, mapema, Jovin akiwa bado yuko dukani. Alimweleza daktari yote. Daktari aliandika kidogo, akamwuliza kama alijiumiza, akamwuliza kama alivunja kitu. Kindness alisema hapana kwa yote mawili. Akaomba aambiwe kama tiba ndiyo imemfanya amchukie mchumba wake. Daktari aliweka kalamu chini.

"Mashine haichagui wa kumpenda wala wa kumchukia," alisema. "Ikisaidia, inakupa muda kidogo wa kutazama. Ulichokiona ndani ya muda huo ni chako. Na Kindness, mtu mzima akionyeshwa jambo la kuchukiza akachukizwa, mimi sina jina la ugonjwa la kuliita hilo."

Jumanne Jovin alikuwa ameshafika kabla yake. Alikuwa amesimama uani penye maua, amenyoa, amevaa shati la bluu ambalo Kindness alimnunulia. Alipomwona, uso wake ukafunguka, na moyo wa Kindness, usio na haya, ukaruka. Alitamani kumkimbilia. Alitamani pia kurudi nyuma hatua tatu ili asinuse marashi yake.

Jovin alianza kwa kusema ameifuta ile video. Alimwonyesha simu, Kindness hakuitazama. Kindness alimwuliza kama na Gladys ameifuta. Jovin alisema atamwambia.

"Nilikuwa naogopa," alisema baadaye, na macho yake yalikuwa mekundu. "Wewe hujui ilivyo kukaa na mtu anayeanguka hivyo. Nilihitaji mtu wa kunisaidia kubeba. Nilikosea kuwaonyesha. Lakini nilikuwa peke yangu, Kindi."

"Najua uliogopa," Kindness alisema. "Ungekwenda kwa mama yako ukalia, ukamwambia naumwa na umechoka, hilo ningelielewa. Ningekushukuru hata. Lakini mimi nilikuwa chini, nimekushika miguu, na wewe ukaniambia niseme tena."

Jovin aliirudisha simu mfukoni.

"Kwa nini uliniambia niseme tena?"

Alingoja. Alingoja kwa kweli, akitumaini kwamba patatoka neno moja la kumwokoa, maana bado alitaka kuokolewa na huyuhuyu. Mwishowe, kwa sauti ya mtoto aliyebanwa, Jovin alisema alitaka isikike vizuri. Kisha akasema, bila kumtazama, kwamba hakuna mtu aliyewahi kumhitaji hivyo.

Kindness aliona kwamba hapo amesema ukweli, na ukweli ule ulimchukiza kuliko uongo wowote. Jovin aliipenda ile sauti ya sakafuni. Wakati yeye anakufa, mwenzake alikuwa anaonja.

"Mashine ikinisaidia kabisa," alisema taratibu, "sitasema tena maneno yale. Kwa mtu yeyote. Utanifanyia nini hapo, Jovin?"

"Mimi nataka upone."

"Unataka nitulie mbele ya mama yako na nilie ukiwa peke yako."

Jovin alipangusa uso kwa mkono wa shati. Alisema sasa ameelewa, ameshaambiwa kwamba ugonjwa huu ndivyo ulivyo, leo malaika kesho shetani. Kwa hiyo leo ndiyo zamu yake ya kuwa shetani. Kwa hiyo ameacha kumpenda.

"Hapana," Kindness alisema. "Nakupenda, hata sasa. Na umenitia kinyaa, tangu Jumamosi mpaka sasa hakijapungua. Sijawahi kubeba vyote viwili siku moja. Ni vizito, Jovin. Lakini nimevibeba siku tatu na sijaangusha hata kimoja, ndiyo maana nakwambia hatutaoana."

Alisema hivyo kwa sauti ileile ya kuuliza saa. Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. Jovin alinyoosha vidole viwili kuelekea paji la uso wake, na Kindness akauepusha uso, kidogo tu, kama mtu anayekwepa jua.

Akaingia ndani.

Nesi Eunike alimwambia amechelewa dakika kumi, kisha akamwona uso, akaacha kulalamika. Alimlaza kwenye kiti, akamvika kofia, akapima kwa utepe, akasogeza koili mpaka ikagusa kitambaa. Akachukua vizibo vya masikio.

"Subiri kidogo, dada," Kindness alisema.

Dirisha lilikuwa wazi. Nje, hatua za Jovin zilikwenda, zikasimama, zikarudi mpaka karibu na mlango, zikasimama tena. Mwili wote wa Kindness ulitaka kuinuka. Hofu ile ya miaka yote, isiyo na ngozi, ilimwambia kwamba akiondoka huyu hatabaki mtu duniani, kwamba bado kuna nafasi ya kufika mlangoni. Alishika mikono ya kiti mpaka vidole vikauma. Nesi Eunike aliweka kiganja begani kwake, akamkumbusha kwa upole kwamba kichwa kisisogee.

Mlango wa gari lake ulifungwa. Injini ikawaka, ikanguruma pale uani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha gari likageuza, likatoka getini, likapunguza mwendo kwenye matuta, likaongeza. Kindness alilisikiliza hadi likachanganyika na magari mengine ya mjini na hakuweza tena kulitofautisha. Machozi yalikuwa yamemshukia pembeni mpaka masikioni. Eunike aliyapangusa kwa pamba, sikio moja baada ya jingine.

"Sasa niwekee," Kindness alisema.